Safari ya Nchi ya Barafu: Uende Mwezi Gani?

Mkulima hapandi mahindi siku yoyote tu anayoamka na nguvu. Hutazama mawingu, huhesabu miezi, ndipo huchukua jembe. Akipanda mapema mno, mbegu huharibika. Akichelewa, mvua humkimbia. Mvuvi naye hutazama kaskazi na kusi kabla ya kutweka tanga. Msafiri ni hivyo hivyo. Kila safari ina majira yake.

Katika somo hili tutajifunza habari za safari ya mbali sana. Ni safari ya kwenda nchi ya barafu, karibu na Ncha ya Kaskazini ya dunia. Huko kuna miezi ambayo jua halionekani kabisa, na miezi mingine ambayo jua halizami kabisa. Mtu akikosea mwezi, hupoteza fedha alizoweka akiba kwa miaka mingi. Akikosea na kupuuza hatari zake, anaweza kupoteza maisha.

Pengine unasema, "Mimi nitakwenda huko kufanya nini?" Sawa. Lakini wapo vijana wetu wanaosoma na kufanya kazi Ulaya. Huenda siku moja mwanao akakuandikia kwamba anataka kwenda kuiona nchi hiyo, naye akakuomba shauri. Tena, kuchagua majira ya safari ni mfano mzuri wa kuchagua jambo lolote lisilokuwa na jibu moja kwa watu wote.

1. MAHALI PENYEWE

Tuchukue mahali pamoja tu, tupajue vizuri. Mahali hapo ni visiwa vya Svalbard. Visiwa hivi ni vya Norway, nchi iliyoko kaskazini ya Ulaya. Viko baharini, kati ya Norway bara na Ncha ya Kaskazini.

Zaidi ya nusu ya ardhi ya Svalbard imefunikwa na barafu mwaka mzima. Hakuna misitu. Hakuna mashamba. Udongo umeganda kama jiwe. Wakati wa kiangazi huyeyuka sehemu ya juu tu, lakini chini hubaki umeganda. Kwa hiyo nyumba nyingi hujengwa juu ya nguzo. Zingejengwa chini kabisa, joto la nyumba lingeyeyusha udongo, na nyumba zingeinama.

Mji mkubwa wa visiwa hivi ni Longyearbyen. Tunasema mkubwa, lakini una watu wapatao 2,500 tu. Mji ulianzishwa mwaka 1906 na kampuni ya Mmarekani mmoja, John Longyear, iliyokwenda kuchimba makaa ya mawe. Jina la mji maana yake ni "mji wa Longyear". Mgodi wa mwisho wa Norway katika visiwa hivyo ulifungwa mwaka 2025. Siku hizi watu wengi wa mji huo huishi kwa kuhudumia wageni, kwa utafiti na kwa masomo.

Iko desturi moja ya mji huo ambayo mtu wa pwani yetu ataipenda. Mgeni akiingia katika makumbusho, au katika baadhi ya hoteli, huvua viatu mlangoni. Desturi hiyo ilianzia kwa wachimba makaa, kwa sababu viatu vyao vilijaa vumbi jeusi.

Ndege kutoka Oslo, mji mkuu wa Norway, huchukua saa 3 hivi kufika Longyearbyen. Ukishafika, hakuna barabara ya kukupeleka vijiji vingine. Wakati wa theluji, watu husafiri kwa pikipiki za theluji, au kwa mikokoteni isiyo na magurudumu inayovutwa na mbwa. Wakati wa maji, husafiri kwa mashua na meli. Kumbuka jambo hili: huko hata njia hutegemea majira.

2. KWA NINI HUKO MCHANA NA USIKU NI TOFAUTI NA KWETU?

Sisi tunaokaa karibu na Ikweta tumezoea mchana wa saa 12 na usiku wa saa 12. Ndiyo maana saa zetu huanza kuhesabiwa jua linapochomoza. Jua likishapanda kidogo, tunasema ni saa moja asubuhi. Svalbard hesabu hiyo haifai. Huwezi kuanza kuhesabu na kuchomoza kwa jua, kama jua halichomozi kwa miezi mitatu na zaidi.

Sababu yake ni nini? Fanya jaribio hili pamoja na wenzako darasani usiku.

Weka taa katikati ya meza. Hiyo taa ni jua. Chukua chungwa, ulichome kijiti kutoka juu hadi chini. Hilo chungwa ni dunia. Sasa lishike chungwa kando ya taa, na ukiinamishe kijiti kidogo, ncha yake ya juu ielekee kwenye taa. Lizungushe chungwa polepole. Utaona kwamba sehemu ya juu kabisa, karibu na kijiti, inapata mwanga wakati wote. Hata ukilizungusha namna gani, haiingii gizani.

Sasa hamia upande wa pili wa meza. Usigeuze mwelekeo wa kijiti. Kiache kiiname upande ule ule. Utaona kwamba ncha ya juu sasa imeipa taa kisogo. Lizungushe chungwa tena. Sehemu ya juu inabaki gizani wakati wote.

Dunia imeinama hivyo hivyo, nayo hulizunguka jua kwa mwaka mmoja. Kwa hiyo sehemu za kaskazini kabisa hupata jua mfululizo kwa miezi kadhaa, kisha hukosa jua kwa miezi kadhaa. Sehemu ya katikati ya chungwa, ambapo ndipo tulipo sisi, haioni tofauti kubwa.

3. MAJIRA YA SVALBARD

Sasa tuyaangalie majira ya huko moja moja. Tutapima baridi kwa nyuzi za Sentigredi. Nyuzi 0 ni pale maji yanapoganda. Tukisema nyuzi 10 chini ya sifuri, maana yake ni baridi kali zaidi ya ile inayogandisha maji.

(a) Majira ya giza: Novemba hadi Januari

Mwishoni mwa Oktoba jua huzama Longyearbyen, na halionekani tena mpaka katikati ya Februari. Tangu katikati ya Novemba hadi mwisho wa Januari, hata mwanga wa alfajiri haupo. Saa sita mchana na saa sita usiku ni sawasawa.

Nani basi ataenda wakati huo? Yuko mtu anayetaka kuona mianga ya kaskazini. Hii ni mianga ya rangi ya kijani, na pengine nyekundu, inayochezacheza angani kama pazia linalopeperushwa na upepo. Hutokea pale chembe ndogo sana zinazotoka kwenye jua zinapogonga hewa ya juu ya dunia. Mianga hiyo haionekani mahali penye mwanga wa jua. Kwa hiyo atakaye mianga lazima akubali giza. Hata akikubali, hana hakika ya kuiona, kwa maana mawingu yakitanda haionekani.

(b) Majira ya mwanga kurudi: Februari hadi katikati ya Mei

Katikati ya Februari jua huanza kuchungulia nyuma ya milima. Mjini penyewe halifiki mpaka tarehe 8 Machi hivi, kwa sababu milima hulizuia. Siku hiyo wazee kwa watoto hukusanyika kwenye ngazi za hospitali ya zamani kulingojea. Mwale wa kwanza ukigusa ngazi, watu hushangilia. Hufanya sherehe kwa wiki nzima. Sisi hulikimbilia kivuli jua likiwaka. Wao hulipokea jua kama mgeni wa heshima.

Wakati huu nchi yote ni nyeupe. Theluji ni nyingi na ngumu, mwanga upo, na pikipiki za theluji na mbwa huweza kwenda mbali. Lakini sikiliza vizuri: mwanga ukirudi, haina maana kwamba joto limerudi. Februari na Machi ndiyo miezi ya baridi kuliko yote. Nyuzi 15 au 20 chini ya sifuri ni jambo la kawaida. Mwezi wa Machi mwaka 1986 baridi ilifika nyuzi 46 chini ya sifuri.

Kuanzia tarehe 20 Aprili hivi, jua halizami tena. Mwezi wa Mei theluji huanza kulainika na kuwa maji, na safari za pikipiki za theluji hufikia mwisho.

(c) Kiangazi: Juni hadi Agosti

Wakati huu jua huzunguka angani bila kuzama mpaka tarehe 23 Agosti hivi. Saa sita usiku utaliona jua upande wa kaskazini. Watu hufunga mapazia mazito ili wapate usingizi.

Mwezi wa Julai, ambao ndio wenye joto zaidi, kwa kawaida hufika nyuzi 6 au 7 juu ya sifuri. Kwetu hiyo ni baridi ya kutetemesha, lakini mtu akivaa vizuri anaweza kutembea siku nzima bila taabu. Theluji ya mabondeni huyeyuka. Maua madogo huchanua, mafupi kuliko kidole. Ndege wa baharini ni maelfu kwa maelfu kwenye majabali.

Mmoja wa ndege hao ni wa jamii ya buabua. Kila mwaka ndege huyu huruka kutoka bahari za kusini kabisa mwa dunia hadi kaskazini kabisa, atage na kulea makinda wakati wa mwanga. Kisha hurudi kusini, ambako kiangazi kinaanza. Ndege huyo hajui kusoma, lakini hakosei majira.

Kiangazi ni wakati wa meli. Barafu ya baharini hupungua, na wageni huweza kwenda kutazama mito ya barafu inayomwagika baharini. Huona pia wanyama wanene wa baharini wenye meno mawili marefu kama ya ndovu, wamelala ufukweni. Lakini usitafute mianga ya kaskazini wakati huu. Iko angani, ila jua limeifunika.

Mwislamu anayepanga kusafiri na afikirie pia saa za sala na funga. Mahali ambapo jua halizami, atafuturu saa ngapi? Wako Waislamu wa kaskazini ya Norway wanaofuata saa za Makka. Msafiri na amwulize shehe wake kabla ya kuondoka, asije akahangaika akiwa njiani.

(d) Majira ya jua kuaga: Septemba na Oktoba

Usiku hurudi upesi. Mwanzoni mwa Septemba mchana bado ni mrefu. Mwishoni mwa Oktoba jua limekwisha aga. Majani ya ardhini hugeuka rangi ya manjano na kahawia. Wageni hupungua. Mianga ya kaskazini huanza kuonekana tena. Lakini theluji bado ni kidogo, na meli nyingi za wageni zimekwisha ondoka. Ni majira ya katikati: si ya pikipiki za theluji, na si ya meli.

4. HATARI ZA KILA MAJIRA

Kuchagua majira si kuchagua raha tu. Ni kuchagua pia hatari utakayopambana nayo.

Kwanza, baridi yenyewe. Baridi kali huua ngozi. Vidole, pua na masikio ndivyo huanza. Ngozi hugeuka nyeupe na kufa ganzi. Mtu aonaye dalili hiyo asisugue ngozi, wala asiipake theluji. Aingie ndani na kuipasha joto taratibu. Upepo huongeza baridi mara nyingi kuliko mtu anavyodhani. Vaa nguo za sufu zinazogusa mwili, juu yake nguo nzito, na nje kabisa nguo inayozuia upepo. Usivae pamba ndani. Pamba ikilowa jasho haikauki upesi, nayo hugeuka kuwa baridi mwilini. Viatu visibane, mguu uliobanwa hauna damu ya kutosha ya kuupa joto.

Pili, dubu weupe. Huyu ni mnyama mkubwa mwenye nguvu nyingi. Wageni wengi hufikiri kwamba dubu ni hatari ya wakati wa giza tu. Sivyo. Mwezi wa Agosti mwaka 2020, mtu aliyekuwa amelala hemani karibu na uwanja wa ndege wa Longyearbyen aliuawa na dubu. Huo ulikuwa wakati wa kiangazi, na mji ulikuwa karibu. Kwa hiyo mgeni hatoki nje ya mji peke yake. Huenda na kiongozi mwenye bunduki na vifaa vya kumfukuza dubu. Dubu naye hulindwa na sheria. Tangu mwaka 2025 ni marufuku kumkaribia chini ya meta 300. Kuanzia tarehe 1 Machi hadi 30 Juni, ni meta 500.

Tatu, maporomoko ya theluji. Theluji nyingi ikikaa juu ya mlima, inaweza kuteremka ghafla kama ukuta unaoanguka. Tarehe 19 Desemba 2015, baada ya dhoruba kubwa, theluji iliporomoka Longyearbyen na kuzisukuma nyumba zilizokuwa chini ya mlima. Watu wawili walikufa. Hao walikuwa majumbani mwao, si wageni waliopotea. Baada ya hapo vizuizi vilijengwa mlimani, na nyumba zilizokuwa mahali pa hatari ziliondolewa.

Nne, barafu nyembamba na mito. Mwishoni mwa majira ya theluji, barafu ya baharini huonekana imara lakini huweza kupasuka chini ya mtu. Wakati wa kiangazi, mito ya maji yanayotoka kwenye barafu hujaa ghafla. Maji yake ni baridi sana, na mtu akianguka humo ana dakika chache tu.

Maradhi nayo usiyasahau. Hospitali ya Longyearbyen ni ndogo. Wajawazito wa mji huo huenda Norway bara wiki kadhaa kabla ya kujifungua. Mgonjwa mahututi hupelekwa huko kwa ndege.

5. NAMNA YA KUCHAGUA

Sasa umeona kwamba hakuna mwezi mmoja wenye mambo yote. Atakaye jua la usiku atakosa mianga ya kaskazini. Atakaye pikipiki ya theluji atakosa maua na ndege wengi. Hapo ndipo watu wengi hukosea. Huuliza, "Ni mwezi gani ulio mzuri?" Swali hilo halina jibu. Jiulize maswali haya matatu, kwa utaratibu huu:

Swali la kwanza: Ninakwenda kuona nini? Taja kitu kimoja kilicho muhimu kuliko vyote. Usitaje vitano.

Swali la pili: Mwili wangu unaweza nini? Je, una pumu? Una maumivu ya viungo? Giza la siku nyingi litakutia huzuni?

Swali la tatu: Fedha na hati zangu zitakuwa tayari lini? Vitu ni ghali Svalbard, na miezi yenye wageni wengi ni ghali zaidi. Habari za viza nazo zina mtego. Svalbard yenyewe haidai viza. Ilitiwa saini katika mkataba wa mwaka 1920 kwamba raia wa nchi zilizoafikiana wapate kuingia sawasawa. Lakini njia ya kawaida hupita Norway bara, na raia wa nchi zetu wanahitaji viza ya kupita huko. Na kwa kuwa Svalbard iko nje ya eneo la viza hiyo, omba viza ya kuingia mara mbili. Ukipewa ya kuingia mara moja, unaweza kwenda usiweze kurudi kwa njia uliyoijia. Tena, maombi hayapokelewi zaidi ya miezi 6 kabla ya safari. Kwa hiyo hesabu miezi yako kurudi nyuma.

Tuchukue mifano ya watu wanne.

Wa kwanza ni mpiga picha anayetaka mianga ya kaskazini. Huyu aende kati ya Novemba na Februari. Akae siku nyingi kidogo, ili mawingu yakimnyima usiku mmoja, apate mwingine.

Wa pili ni mzee mwenye miaka 65 anayetaka kuona barafu, lakini magoti yanamwuma. Huyu aende Julai, kwa meli. Baridi ni ndogo, mwanga upo siku zote, na barafu ataiona bila kuipanda.

Wa tatu ni mwanafunzi wa elimu ya ndege. Jibu lake ni rahisi: Juni na Julai. Ndege wamekwisha mchagulia.

Wa nne ni kijana mwenye afya, anayejua kwamba hatapata fedha za kwenda mara ya pili. Anataka kuonja kidogo kidogo cha kila kitu. Huyu mwambie aende katika nusu ya pili ya Machi. Tarehe 20 Machi hivi, mchana na usiku hukaribia kulingana dunia nzima. Hata huko mchana utakuwa wa saa 12 hivi, kama nyumbani kwake. Mchana ataona jua juu ya theluji. Usiku, mbingu zikiwa safi, anaweza kuona mianga. Lakini mwambie na gharama yake: hiyo ndiyo miezi ya baridi kali, na wageni ni wengi. Asipokuwa na nguo zinazofaa, afadhali angojee Julai, na mianga aiache.

Unaona? Watu wanne, majibu manne. Wala hakuna aliyekosea.

6. MAJIRA YENYEWE YANAGEUKA

Jambo la mwisho. Wazee wetu walijua mwezi wa masika bila kuuliza. Siku hizi masika hutushangaza. Svalbard mambo ni hayo hayo, na yanakwenda mbio zaidi. Ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopata joto upesi kuliko nyingine. Tarehe 25 Julai 2020 joto la Longyearbyen lilifika nyuzi 21.7, ambalo halikuwahi kupimwa hapo kabla.

Siku hizi hata katikati ya majira ya baridi mvua hunyesha. Mvua hiyo ikiganda juu ya ardhi, huwa tabaka gumu kama kioo. Huko kuna mnyama wa jamii ya kulungu, mwenye miguu mifupi na manyoya mazito, ambaye hufukua theluji kwa kwato zake ili ale majani. Barafu ikifunika malisho, hawezi kufukua, na wengine hufa kwa njaa. Barafu ya ghuba nayo haigandi kama zamani. Njia waliyopita baba zao kwa mbwa, leo wakati mwingine ni maji.

Kwa hiyo kitabu kilichoandikwa miaka 30 iliyopita kisikudanganye. Hata somo hili lisikutoshe. Kabla ya kusafiri, uliza habari za mwaka huo, kwa watu wa mahali hapo. Na ukifika, kiongozi wa safari akisema leo hatutoki, usimbishie kwa sababu umelipa. Fedha hupatikana tena.

7. MWISHO WA SOMO

Ndugu msomaji, tumekwenda mbali na tumerudi. Tumeona kwamba nchi moja inaweza kuwa nchi nne katika mwaka mmoja: nchi ya giza, nchi ya theluji yenye mwanga, nchi ya jua lisilozama, na nchi ya jua linaloaga. Mwenye busara hachagui mwezi kwanza. Huchagua shabaha kwanza, akaupima mwili wake na mfuko wake, ndipo akachagua mwezi. Kisha hujiandaa kwa hatari za mwezi huo, wala halilii alichokiacha.

MANENO YA KUKUMBUKA

Theluji: maji yaliyoganda yanayoanguka kutoka mawinguni, mepesi na meupe kama pamba.
Barafu: maji yaliyoganda yakawa magumu kama jiwe.
Mto wa barafu: barafu nene inayoteremka polepole sana kutoka milimani.
Mianga ya kaskazini: mianga ya rangi inayoonekana angani usiku katika nchi za kaskazini.
Shabaha: jambo unalokusudia kulipata.

MASWALI

1. Kwa nini nyumba za Longyearbyen hujengwa juu ya nguzo?
2. Jua linarudi mjini tarehe ngapi hivi? Watu hufanya nini siku hiyo?
3. Kwa nini mianga ya kaskazini haionekani mwezi wa Julai?
4. Taja hatari mbili za kiangazi, na mbili za majira ya theluji.
5. Kwa nini msafiri aombe viza ya kuingia mara mbili?

MAZUNGUMZO DARASANI

Jirani yenu amepata barua kutoka kwa binti yake anayesoma Norway. Binti anasema: "Mama, nina likizo mwezi wa Desemba na mwezi wa Julai. Napenda sana kuona wanyama, lakini nina pumu. Niende Svalbard lini?" Zungumzeni kwa makundi. Kisha kila mmoja aandike barua fupi ya kumjibu, akieleza sababu zake.